Siku Nilipomzika Mzee Ambokile Akinywa Chai

Nakumbuka asubuhi moja pale Katumba Songwe, mwanangu, nilipomzika kwa mdomo wangu mtu aliyekuwa hai, tena aliyekuwa anakunywa chai hatua chache kutoka niliposimama. Usicheke kwanza. Siku ile nilikuwa natafuta kazi, kama wewe unavyotafuta sasa.

Umeniambia kwamba tangu umalize kujifunza kurekodi muziki hujapata wa kukulipa, na kwamba watu wa huku hawajui thamani ya sauti. Maneno hayo nayajua kwa moyo, maana niliyasema mimi kabla mama yako hajazaliwa. Nami nilitoka Dar es Salaam na ujuzi wangu. Nilikuwa nimemfuata fundi mitambo wa bendi moja kwa miaka miwili, mwaka wa kwanza nikibeba nyaya tu, wa pili akiniachia mitambo yeye akienda kula. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa redio kaseti na mitumba, nikajisemea kwamba kama vitu vyote vimefika Kyela, basi kazi ya sauti nayo itafika. Nikarudi nyumbani na hedifoni shingoni.

Nilichonga kibao nikakisimika Ipinda, kando ya barabara: MHANDISI WA SAUTI. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa kwaya aliyekauka koo. Wa pili alikuwa mama aliyeniletea mtoto mwenye kigugumizi. Wa tatu alikuja na redio yake, akalalamika kwamba kila akiifungua inaongea Kichewa cha Malawi tu, akaniomba niifundishe Kiswahili. Wote niliwafukuza, tena kwa dharau. Mwenyekiti wa kijiji aliponiomba nimtangazie chanjo ya kuku, nilimjibu kwamba mimi si mpiga mbiu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nilichagua majembe yote nikabaki mikono mitupu.

Baba yangu alivumilia karibu mwaka mzima. Halafu siku moja tukiwa shambani akaegemea jembe lake, akasema amewahi kusikia mtu analipwa kwa kuimba, na mwingine kwa kuhutubia, lakini mtu wa kulipwa kwa kusikiliza hajamwona. Akanipa muda hadi palizi ya mpunga. Asipopatikana wa kuniajiri, hedifoni ingekwenda kuuzwa Karonga, ng'ambo ya mpaka, na mimi ningeingia majaruba ya mpunga moja kwa moja. Baba hakuwa mtu wa kurudia neno.

Zilibaki wiki mbili palizi ianze, ndipo nikasikia habari za Mzee Ambokile. Mzee huyu alifanya kazi Mbeya katika shirika la umma, na mashirika yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walinunua mashine za kukoboa mpunga kwa kiinua mgongo. Yeye alinunua amplifaya, maiki mbili na spika mbili za honi, zile zenye mdomo mpana kama ua la boga, ili akodishe kwenye harusi na mikutano. Alihitaji fundi wa mshahara wa kila mwezi. Nilikwenda kwake, nikamwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa na nyingine nilizobuni njiani.

Alinitazama akasema Jumamosi anafanya sherehe ya kumshukuru Mungu kwa kumaliza utumishi. "Ukiiendesha vizuri, mitambo ni yako kuishika. Ukiivuruga, namchukua yule kijana wa Kyela mjini anayejua kusema moja, mbili, basi."

Moja, mbili! Neno hilo lilinichoma, mwanangu. Fundi wangu wa Dar alinifundisha kwamba anayepima spika kwa kuhesabu moja mbili hapimi kitu. Maiki hupimwa kwa herufi zinazopuliza na kupasuka, sii na fii, pii na kii, na katika moja mbili hakuna hata mojawapo. Kwa hiyo usiku kucha nilitunga sentensi yangu ya kupimia, yenye herufi zote hizo, na ndani yake nikampongeza mstaafu kwa kumaliza kazi.

Jumamosi nilifika mapema, ukungu haujainuka mtoni. Nilipanda mchikichi nikaifunga honi moja juu. Nilipoielekeza uani ikapiga mluzi, kwa kuwa ilikuwa inaitazama maiki. Nikaigeuza mdomo kuelekea mto Songwe, mluzi ukakoma, nikajipongeza. Kisha nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikashusha sauti ikawa nzito kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Mzee Ambokile wa Katumba. Safari yako imefika. Pumzika."

Nilirudia labda mara ishirini. Neno safari lilitoka safi ila pumzika lilipasuka, nikaongeza hiki, nikapunguza kile. Kwa sababu nilikuwa nasikiliza herufi, maneno sikuyasikia kabisa. Na Mzee mwenyewe, aliyekuwa barazani na kikombe chake, alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Hata nilipofumbua jicho mara moja, alinipungia mkono niongeze besi.

Sasa, mwanangu, mto Songwe pale si mpana. Ng'ambo ni Malawi, lakini ng'ambo hiyohiyo ndiko alikozaliwa mke wa Mzee, na wajomba, na mashemeji. Asubuhi yenye ukungu sauti hutembea juu ya maji haraka kuliko mguu. Na kwetu habari ya msiba haiulizwi mara mbili. Mwanamke akisikia, hufunga kitenge kiunoni akaondoka.

Chai haikuwa imeisha kikombeni, nilikuja kusimuliwa, kilio kiliposikika kutoka mtoni. Mzee Ambokile aliweka kikombe chini, akauliza nani amefariki, hakuna aliyejua. Akachukua fimbo yake na kofia akaivua, maana alikuwa mtu wa watu, akaenda getini kuwapokea waombolezaji. Walikuwa wanakuja wengi, wenye mikungu ya ndizi kichwani na kuku kwapani, mbele yao Bibi Tusekile, shangazi wa mkewe, mama mtu mzima aliyevuka mto analia tangu mtumbwini.

"Poleni, shangazi," Mzee akasema kwa unyenyekevu. "Ni nani?"

Bibi Tusekile aliinua uso, akamwona, akakaa chini palepale. Kilio kikakatika.

"Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

Watu wote walinyoosha vidole juu ya mchikichi. Mimi nilikuwa chini yake, masikio yamezibwa, macho nimefumba, nami nikasema tena, safari hii ikiwa safi kuliko zote, kwamba safari yake imefika na apumzike.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilipofumbua macho nilizungukwa. Mashemeji wawili walitaka nipande juu niishushe honi kwa meno. Niliona jaruba la baba, nikaliona na jembe. Nilianza kukunja nyaya.

Bibi Tusekile ndiye aliyenizuia. Aliniita nikae karibu naye, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa sauti. Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza kuhusu sii na pii, na udhaifu wa moja mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amenifanyia mwaka mzima.

"Mwanangu, mimi nilikuwa mtoni na ndoo kichwani," akasema. "Umewahi kusimama pale?"

"Hapana, bibi."

"Basi vuka ukasimame. Mwenye nyumba aseme hayohayo, wewe usikie."

Nilivushwa kwa mtumbwi nikasimama kwenye mchanga, ndoo yake ikiwa imeanguka pale alipoiachia. Mzee akashika maiki. Yaliyonifikia, mwanangu, yalikuwa vipande: Ambokile, imefika, pumzika. Mengine yote yalimezwa na maji. Nilijua mtu huyo yu hai, nimemwacha amesimama, na maneno niliyatunga mwenyewe, lakini machozi yalinitoka. Niliona aibu sana. Nilikuwa nimemliza bibi wa watu kwa ajili ya herufi.

Nilirudi nikaishusha honi ya mchikichini, nikazifunga zote mbili chini, zikatazama uani kutoka pande mbili, na maiki nikaiweka nyuma yao zisipige mluzi. Kisha nikazunguka uwanja mzima kwa miguu, nikisimama nyuma ya jiko, mlangoni, pembeni walipokaa wazee wasiosikia vizuri. Sherehe ikaenda. Tena wageni walizidi chakula, na kama si ndizi na kuku wa msiba tungeaibika. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mzee alifurahi kujua nani angemlilia, ila alinuna kwa ajili ya shemeji mmoja wa Njisi aliyesikia habari na hakuja. Hakumsamehe kamwe.

Jua likishuka aliniita. Nilidhani ananiaga. Akaniambia kazi nimeipata, na kazi ya kwanza ni kesho: nichukue honi moja na betri, nipite kila kijiji habari ilikofika, huku na ng'ambo, nitangaze kwamba hajafa. Mimi, mhandisi, niliyekataa kutangaza kuku! Nilizunguka siku tatu kwa baiskeli nikipaza sauti kwamba Mzee Ambokile yu hai na anawasalimu. Huo ndio mshahara wangu wa kwanza. Na kila nilipopita watu waliniuliza kama naweza pia harusi, kama naweza kurekodi kwaya yao. Nikasema naweza. Hata chanjo ya kuku nikasema naweza.

Mzee alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, mimi ndiye niliyetangaza. Nilisema amefariki, neno lenyewe, bila madoido. Ng'ambo wakatuma mtu kwanza, aniulize kama safari hii ni kweli. Tulicheka, mimi na yule mtu, tukashikana mikono, halafu tukashindwa kuachiana.

Basi sikia, mwanangu. Ujuzi wako ni mzuri, sikudharau. Lakini umekaa upande wa maiki unangoja dunia ivuke ije kwako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nenda uwaulize watu wanahitaji nini, na kazi ndogo wakikupa uifanye kama ya bendi kubwa, maana hakuna anayempa mtu asiyemjua kazi kubwa. Na kabla hujagusa kitufe chochote, tembea kwa miguu yako hadi alipo msikilizaji wa mwisho kabisa, usimame hapo, usikie anachosikia yeye. Wakikucheka, cheka nao.

Mungu akufungulie mlango, mwanangu, na akupe mwajiri mwenye moyo wa kusamehe asubuhi yako ya kwanza. Kila utakayemtangaza akiwa hai, aishi sana. Nenda na amani.