Lipu ya Kanisa la Mawe

Mimi ni fundi mwashi, na kazi yangu naijua. Kuta nilizojenga kuanzia Sakina mpaka Olmotonyi zimesimama, na asiyeamini aende akazisukume. Nalisema hili mapema kwa sababu ninachotaka kusimulia ni kuta nilizoziharibu, nazo ni za kanisa letu la parokia, ambamo nilibatizwa na kufunga ndoa.

Kanisa lenyewe liko upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya mashamba ya mahindi. Babu zetu walilijenga kwa mawe meusi ya mlimani, yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga wa mtoni. Madirisha ni membamba yenye matao, na paa limekaa juu ya mbao za mwangati ambazo mchwa hawajathubutu kuzigusa. Kila boma lilileta mawe yake, na kwenye jiwe moja ikachongwa chapa ya ng'ombe wa boma hilo, ile ile waliyopigwa ng'ombe kwa chuma cha moto. Hakuna kanisa jingine ninalolijua lenye ukuta wa namna hiyo.

Halafu ikaja jubilei ya parokia. Watu wakasema mawe matupu ni mambo ya kimaskini, makanisa ya mjini yanang'aa. Nani alisema kwa sauti kubwa kuliko wote? Mimi hapa. Nikapiga lipu ya simenti ndani na nje, chapa zote zikafunikwa, nikamalizia na rangi ya mafuta. Siku ya sherehe nilipigiwa vigelegele, nami nikavimba kichwa.

Haikupita miaka mingi, ukuta ukaanza kutoa jasho. Rangi ikafanya malengelenge, lipu ikadondoka vipande, kimoja nusura kimpate katekista akisoma matangazo. Nilichokonoa nyuma ya sakristia nikaona mwenyewe: jiwe zima kabisa, chokaa imelowa chapachapa. Unyevu uliokuwa ukipanda kutoka ardhini na kutokea taratibu kwenye chokaa, mimi nilikuwa nimeufungia ndani. Nikanyamaza. Ole wangu, nikanyamaza!

Jumapili moja mwishoni mwa Misa akasimama mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee mkali asiyependa kurudia neno.

"Jengo limechoka," akasema. "Mkandarasi wa mjini amelipima. Linavunjwa, tunajenga la kisasa."

Watu wakapiga makofi. Kanisa la babu zetu livunjwe kwa kosa langu, na mimi nimekaa benchi la tatu nimekunja mikono! Nikasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," wakaitikia.

"Shikamoo, mwenyekiti. Jengo halijachoka. Shida ni lipu. Simenti imeuziba ukuta pumzi. Ikibanduliwa, utakauka."

"Na lipu hiyo aliipiga nani?" Alijua vizuri sana aliyeipiga.

"Niliipiga mimi, mzee. Nilikosea."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Fundi wetu huyo!" na kanisa zima likaangua kicheko. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini sikukaa. Niliomba nipewe ukuta wa kaskazini, unaolowa kuliko yote, niubandue kwa mikono yangu. Masika yakiisha haujakauka, wavunje. Padri akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akakubali kwa shingo upande.

Nilibandua kwa nyundo na patasi, wiki baada ya wiki, kisha nikaziba viungo kwa chokaa na mchanga kama walivyofanya wajenzi wa kwanza. Chapa zikawa zinatokea moja moja, na wapita njia wakasimama kutafuta ya boma lao. Kazi nyingine sikupata hata moja. Nani amwite fundi aliyejitangaza mwenyewe kanisani? Mke wangu alininunia.

"Si ungesema tu ni lipu, ukaishia hapo?"

"Niliulizwa aliyeipiga, mama. Ningemtaja nani?"

Masika yakanyesha, yakaisha. Mwenyekiti akaja na kamati yake yote. Akaweka kiganja ukutani, akakitazama. Akaweka tena, mara hii na shavu. Ulikuwa mkavu.

"Halivunjwi," akasema.

Nililia, na sioni haya kusema nililia. Wenzake wakatoka nje, yeye akabaki akizungusha kofia mikononi.

"Nyumba yangu nayo inatoa jasho," akasema chini chini. "Uje Jumatatu uiangalie."

"Mzee, lipu ya nyumba yako sikupiga mimi. Alipiga fundi mwingine."

"Najua. Nimemuuliza mara tatu. Kila mara ananiambia ni mvua."