Chupa Tatu na Nyongeza

Juzi niliona chupa ya soda ya zamani, ile ya mililita mia tatu, nikamkumbuka Mama Halima, mfugaji wa Kiorma aliyetuletea maziwa kijijini kwetu Kulesa, yakinukia moshi wa kibuyu. Lita yake ilikuwa chupa tatu zilizojaa hadi mdomoni, kisha kikombe cha kahawa cha nyongeza.

Mchana mmoja wa utotoni nilitoka shule nimejaa mililita kichwani. Nikasoma maandishi ya chupa, nikapiga kelele mbele ya akina mama waliokuja kununua: "Tatu ni mia tisa tu! Anatuibia!" Nyongeza sikuihesabu, nilidhani ni zawadi.

"Mimi napima hivi siku zote," alisema Mama Halima.

Mama yangu akakipiga kibuyu teke. Maziwa yakanywewa na mchanga, nzi wakajaa. Akina mama wakanisifu, nami nikamcheka Mama Halima alivyokwangua povu kwa kiganja. Hakurudi tena.

Basi juzi nikaijaza ile chupa maji hadi mdomoni, mara tatu, nikaongeza kikombe. Jagi la lita lilifurika, maji yakatambaa mezani. Nikayapangusa upesi, binti yangu asije akauliza nilikuwa napima nini.