Sauti Yangu Ndani ya Kinanda cha Shiru

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia habari hii kwa wengine, maana huku mtaani watu wanapenda kuongeza chumvi: ni kweli, yule mwanaume aliyeshikwa kichwa na mabega akaombewa mbele ya kanisa zima pale Makongeni, huku akisema "subirini, subirini kidogo," ni mimi. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na pepo. Nilikuwa naenda tu kuzima kompyuta.

Ngoja nianze vizuri. Mimi naitwa Mwendwa, naishi mtaa wa Fedha hapa Nairobi, na kazi yangu mama yangu hajaielewa mpaka leo (akiulizwa na wenzake wa chama cha akina mama anasema "anatengeneza vinanda," kisha anabadilisha mada haraka). Kuna programu ya kompyuta tuliyotengeneza na rafiki yangu Otis, inaitwa Tabaka. Unachomeka kinanda chako kwenye kompyuta, unachagua sauti ya piano, juu yake unaweka fidla, juu ya fidla unaweka kwaya, na ukibonyeza kidole kimoja zinatoka zote pamoja utadhani mko watu ishirini. Wapiga kinanda wa makanisa ya Eastlands, upande wetu wa mashariki wa jiji, waliipenda kwa sababu mtu mmoja anajaza ukumbi mzima. Otis ndiye fundi wa mambo ya ndani, mimi ni wa watumiaji: nawasaidia wakikwama, narekodi sauti mpya, nawatumia matoleo mapya. Tuna grupu letu kwenye simu na humo ndani sina mapumziko. "Mwendwa, sauti imepotea!" anaandika mmoja. Namuuliza, umewasha spika? Baadaye anatuma kidole gumba.

Sasa, kwenye grupu hilo kuna dada anaitwa Shiru, anauza sare za shule na shangazi yake sokoni Muthurwa, na kinanda alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza tu, hajawahi kuingia darasa la muziki. Mpiga kinanda wa kanisa lao Makongeni alikuwa amehama Nairobi, kiti kikabaki wazi, na Shiru akakiomba. Mzee Macharia, mwenyekiti wa mambo ya muziki pale, hakutaka kusikia. Yeye alitaka mtu aliyesomea. Pasta akambembeleza mpaka akakubali kumpa Shiru Jumapili moja, moja tu ya kujaribiwa, ikienda vizuri kiti ni chake, ikienda vibaya anarudi kuimba sauti ya pili na hilo jambo lisiguswe tena. Haya yote aliniambia mwenyewe, ndiyo maana nasema kama kuna mtu duniani ambaye sikupaswa kumharibia kazi ni huyu, na huyu ndiye niliyemharibia.

Wiki hiyo akaniandikia: "Sasa Mwendwa, naomba kitu. Sauti zenu zote ziko juu. Pasta akiomba nataka kupiga polepole kabisa, kitu laini cha chini. Mnaweza?"

Mimi mtu akiniomba kwa upole nakuwa sina akili tena. "Unaipata kabla ya Jumapili," nikamjibu.

Iko hivi. Kinanda kinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Ukibonyeza kwa nguvu, Tabaka inatoa sauti moja, ukibonyeza polepole inatoa nyingine, na hiyo ya polepole ndiyo nilikuwa naitengeneza, fidla tamu za chini. Lakini nilipokuwa nafanya kazi nikaona siwezi kujua kama ile ya polepole inaitika kweli ama ni masikio yangu tu, kwa hivyo nikaweka kitu cha muda pale ambacho siwezi kukikosa nikikisikia. Nikachukua maiki nikasema, kwa sauti yangu kavu ya mtu aliyetoka kula githeri, mahindi na maharagwe yake: "Mwendwa, nifute." Wazo lilikuwa kwamba nikimaliza nitajisikia nikijikumbusha, nifute, niweke fidla. Nilijiona mjanja ajabu, wallahi.

Jumamosi mchana nikamaliza, ama nikadhani nimemaliza. Otis akanipigia: "Buda, ngoja Jumatatu. Nani anatumia watu wa kanisa kitu kipya Jumamosi?" Nikamwambia ni kitu kidogo, atulie. Nikakijaribu. Na nyinyi mnajua vile sisi tunajaribu kinanda huku, hakuna mtu anayekigusa kwa adabu, unaingia moja kwa moja kwenye seben, ile sehemu ya kuchezesha watu, vidole vinakimbia, dirisha liko wazi ili majirani wajue uko. Jirani yangu Mama Kevo alikuwa anaanika nguo akaanza kutikisa mabega na shati la mumewe mkononi. Kila kitu kilikuwa sawa. Sikubonyeza polepole hata mara moja. Nikatuma toleo jipya, si kwa Shiru peke yake, kwa grupu lote, na maneno haya (aibu yangu yote iko hapa): "Wapendwa, mtanishukuru kesho!"

Kesho yake nikavaa shati jeupe nikaenda Makongeni. Kanisa langu liko Fedha, hatua chache kutoka kwangu, lakini nilitaka kusikia kazi yangu ikilia na, wacha niwe mkweli, nilitaka kusifiwa kidogo. Nikakaa mbele. Shiru akaniona, akatabasamu.

Nyimbo zilikuwa moto. Yule dada anapiga, jamani! Watu walicheza mpaka wahudumu wakasahau kazi yao ya kuonyesha watu viti, na Mzee Macharia, aliyekuwa amekunja mikono kama mtu anayengoja kesi ianze, akaanza kugonga kiatu sakafuni. Nikasema moyoni, kiti kimeshapatikana hiki. Mazoezini Jumamosi jioni walikuwa wamepiga nyimbo hizo hizo na toleo langu jipya likaenda vizuri, lakini hakuna kanisa linalofanya mazoezi ya maombi. Maombi yanakuja tu.

Pasta akasema, "Tuinamishe vichwa." Kanisa likatulia. Shiru akafumba macho, akashusha vidole polepole, vile alivyokuwa ameniomba.

"Mwendwa, nifute."

Kwanza nilidhani ni mawazo yangu. Halafu akashusha vidole kwenye vitufe vya chini, na kwa wale wasiojua, sauti ya mtu ukiishusha kwenye kinanda inakuwa nzito inaburuta, kwa hivyo kikatoka kitu kutoka kwenye spika zote kubwa: "Mweeendwaaa, nifuuuteee." Kisha kwa mkono wa kulia, juu kabisa, kitoto kidogo kinalia haraka haraka: "Mwendwa nifute Mwendwa nifute." Pasta akanyamaza katikati ya neno. Mtu akapiga kelele nyuma. Mama mmoja akabeba mtoto wake na mtoto wa mwenzake.

Hapo ndipo ningekaa chini, yaani kama ningekaa tu chini! Lakini mimi ni mtu wa kusaidia watumiaji, nikaona kompyuta ya Shiru pale pembeni ya jukwaa, nikajua hatua mbili tu na kidole kimoja nimemaliza hii balaa, nikainuka nikaenda mbele mbio mbio. Sikufika. Kwenye kanisa kama hilo ukienda mbele wakati wa maombi hakuna anayefikiria unaenda kuzima kitu. Pasta alinipokea mikono miwili.

"Jina lako nani, ndugu yangu?"

Na mimi, mjinga, nikamjibu. "Mwendwa."

Kanisa likalipuka. "Woi, ameitwa kwa jina!" mama mmoja akalia. Wakanizunguka, mikono kichwani, mikono mabegani, mkono mmoja wa moto tumboni, mwingine ananitikisa huku anaamuru kitu kinitoke. "Subirini kidogo," nikasema. "Usisubiri! Toka!" wakakijibu kile kitu kilichokuwa kinaongea ndani yangu, ambacho kilikuwa ni mimi. Nyuma yangu nikasikia pumzi ya mhudumu mmoja mkubwa, mikono tayari, ananinong'oneza kwa huruma ya kweli: "Anguka tu, ndugu. Niko hapa."

Nikafikiria, nikianguka wataniacha, nitambae mpaka kwenye kompyuta. Nikaanguka. Aki, nilianguka vizuri tu. Wakanifunika na leso, zile kanga za akina mama, kuanzia shingoni mpaka miguuni, wakaweka mama mmoja wa kunilinda, na kila nikijaribu kuinuka ananirudisha chini: "Bado, mwanangu, bado."

Nikiwa pale chini ya leso ndipo nikasikia kitu. Shiru alikuwa hajaacha kupiga. Angeacha ingekuwa mbaya zaidi, kimya chote kingemwangukia yeye. Nikasikia anabonyeza kwa nguvu zaidi, na mimi wa kwenye spika nikapungua. Akabonyeza tena, nikanyamaza kabisa, zikabaki piano na kwaya zimepanda juu, na Pasta naye akapandisha sauti kuzifuata. Halafu, polepole, muziki ukashuka: nikageuza shingo nikaona mkono wake wa kushoto umeenda kwenye kitufe cha kupunguza sauti, wa kulia bado unatwanga. Anatwanga kwa nguvu na inatoka laini. Mimi na Otis hatukuwa tumewahi kufikiria hivyo. Nililala pale machozi yakanitoka, na mama mlinzi akafurahi sana kuyaona.

Maombi yakaisha. Mzee Macharia akaenda kwenye kinanda, akainama, akamwambia Shiru maneno machache. Shiru akasimama. Kijana wa gitaa akachukua nafasi yake kwa gitaa, na Shiru akaenda kukaa kwenye benchi la waimbaji, kichwa chini, simu mkononi. Mambo ya kompyuta na wasiosomea, nilimsikia Mzee akisema, ndiyo haya. Kiti kikawa kimeenda hivyo.

Ukaja wakati wa ushuhuda, na bila shaka wakaniita mimi, mtu aliyeitwa kwa jina. Nikapewa maiki. Na niwaambie ukweli, ningeweza kusema lolote pale. Ningesema nilikuwa mlevi nikaacha, wangenishangilia mpaka mlangoni, ningerudi Fedha na heshima yangu yote. Nikamwangalia Shiru. Hakuwa ananiangalia hata.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mimi nilikuwa naenda kuzima kompyuta."

Nikaeleza yote, githeri na maiki na Jumamosi, na kwamba Shiru hakukosea hata kidogo, kosa ni langu peke yangu. Hawakuamini! Mama mmoja akasema alisikia sauti nzito na mimi sina sauti nzito. Mzee Macharia akasimama: "Kijana, usimtetee msichana na uongo hapa madhabahuni."

"Basi mwacheni arudi awaonyeshe, Mzee," nikasema.

Pasta akakubali kwa kichwa. Shiru akaja, akagusa chini, polepole: ikatoka sauti ya mzee mwenye mafua anajitambulisha. Akagusa juu: kitoto. Akagusa katikati, na mimi kwenye maiki nikasema pamoja nayo, nimesimama mbele ya watu wazima na suruali imejaa vumbi la sakafu, "Mwendwa, nifute." Ilikuwa sauti ile ile moja. Mtoto mmoja akacheka. Kisha Shiru, na hapa sijui alipata wapi ujasiri, akaanza kupiga pambio polepole, lile kila mtu analijua, lote kwa sauti yangu, Mwendwa nifute Mwendwa nifute, inapanda inashuka, na kanisa likaanguka kwa kicheko. Pasta alishika mimbari. Mzee Macharia alivua miwani akajifuta macho, akajaribu kukasirika, akashindwa.

Alipopata pumzi akamuuliza, "Na wewe ulijuaje kubonyeza kwa nguvu?"

"Nilisikiliza tu, Mzee. Nikibonyeza zaidi, ananyamaza."

Mzee akavaa miwani yake. "Kaa hapo," akasema. "Na Jumapili ijayo ukuje mapema."

Nilitoka nje kabla ya mahubiri kuisha (samahani, Pasta), nikafungua simu kwa woga, kwa sababu toleo lile lilikuwa kwa kila mpiga kinanda wa Eastlands, na makanisa yao mengi ibada ilikuwa haijaanza. Nilitegemea matusi. Juu kabisa kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Shiru, kwa kunong'ona, na huku nyuma kijana wa gitaa anasikika akipiga: "Wasee, leo msiguse polepole. Mkitaka chini, bonyezeni kwa nguvu na mpunguze sauti. Msimkasirikie Mwendwa, atarekebisha." Chini yake shukrani zimepangana, watu wameshaelewa, hakuna aliyeumbuka isipokuwa mimi. Alikuwa ameutuma kutoka lile benchi, ameshanyang'anywa kiti, hajui kama kitarudi. Kiti chake kimeenda kwa sababu yangu na yeye anafanya kazi yangu.

Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa nikashukuru, kwa sauti, watu wanapita. Na mpaka leo nashukuru. Jumamosi situmi kitu tena, hata mniombe kwa upole namna gani, na toleo jipya likiwa tayari linaenda kwa Shiru kwanza. Anafumba macho, anagusa polepole kidole kwa kidole, mimi nimekaa kimya nangoja. Akisema bado, ni bado.