Maji Yaliyopanda Karatasini

Nilifika Dodoma mara tu baada ya reli, wakati wa Wajerumani, nikiwa karani wa boma. Kwetu ni pwani. Kabla ya hapo nilikuwa katika hospitali yao moja huko, kazi yangu kuandika joto la wagonjwa. Kila kitanda kilikuwa na karatasi ya miraba yenye mstari mmoja: homa ikipanda nao unapanda, homa ikishuka nao unashuka. Daktari aliutupia jicho mara moja tu, akajua mgonjwa yuko wapi. Nilijivunia kazi ile kuliko hata mwandiko wangu, na watu waliusifu sana mwandiko wangu.

Dodoma nikaoa. Mke wangu alikuwa Mgogo, baba yake mfugaji upande wa Ipagala. Kiswahili alikuwa amejifunzia sokoni, akakizungumza kwa maneno machache yasiyo na mapambo. Mimi niliyezoea mazungumzo ya pwani ya kuzunguka na kurudi, mwanzoni nilidhani amekasirika. Baadaye nilielewa kwamba akishasema alichotaka kusema, hana la kuongeza.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba. Watu na ng'ombe walitegemea kisima kimoja kikubwa bondeni, na bwana mkubwa wa boma alitaka kujua ni lini mifugo ipelekwe kwenye visima vya mbali ili maji yaliyobaki yawe ya watu. Akanipa mimi kazi ya kupima. Nilichukua kamba ya katani, nikaifunga fundo kila dhiraa na jiwe mwishoni, na kila asubuhi nikaiteremsha mpaka jiwe liguse maji. Nikahesabu mafundo yaliyoingia kisimani, nikaandika.

Siku ya baraza niliwasomea wazee hesabu zote, asubuhi moja baada ya nyingine. Kabla sijafika katikati, wawili walikuwa wamesinzia, na bwana mkubwa mwenyewe alikuwa akitazama saa yake. Mwisho akaniambia nitafute njia ya kuwaonyesha, maana kusikia peke yake hakuwafai.

Nikakumbuka hospitali. Dukani niliomba karatasi pana waliyofungia majora ya nguo, nikaipiga miraba kwa rula, nikaweka alama moja kwa kila asubuhi na kuziunganisha kwa wino mwekundu. Ulikuwa mstari mzuri kweli, ukianzia chini kushoto na kupanda taratibu mpaka kona ya juu kulia. Niliutundika barazani. Wazee waliusogelea, wakautazama kwa makini, wakaondoka wakizungumza kwa furaha. Nilirudi ofisini kifua mbele.

Siku ya pili yake, nikiwa kazini, baba mkwe alipita nyumbani na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alimwambia binti yake anishukuru. Ameona mwenyewe kwenye karatasi kwamba maji yanapanda, basi hatahamisha ng'ombe. Ana mtamba anayekaribia kuzaa, naye alikuwa akiogopa kumtembeza juani.

Niliporudi, mke wangu alinikaribisha, akanipa maji ya kunawa, kisha akauliza, "Maji yanapanda wapi?"

Nikamwambia hayapandi, yanashuka kila siku.

"Najua yanashuka. Mimi ndiye ninayeyateka. Baba anasema wewe umeandika yanapanda."

Nikaanza kumweleza kwamba mstari unaonyesha urefu wa kamba, na kamba ikizidi kuingia ndiyo dalili ya maji kuwa chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi umewachorea kamba," alisema. "Wao walikuwa wanatafuta maji."

Niliona wazi kwamba ng'ombe wa wazee wote wale wangebaki pale hadi kisima kikauke, kwa sababu ya mstari wangu mzuri.

Tulitandika karatasi nyingine sakafuni, yeye akishika kona. Ukingo wa juu nikaufanya mdomo wa kisima, wa chini nikaufanya sakafu yake, ambayo kina chake nilikipima siku ya kwanza, na maji nikayasimamisha kutoka chini kwa rangi ya nili, kila nguzo kwa kimo chake. Nilitaka kuchora asubuhi zote. Akasema zimesongamana, hazionekani. Tukachagua moja kwa kila juma. Pembeni nikapanga jedwali fupi la hesabu hizo hizo kwa ajili ya bwana mkubwa, naye siku iliyofuata alilipokea bila kuuliza swali hata moja.

Lakini kwanza, alasiri ile ile, nilikwenda Ipagala. Nilimwamkia baba mkwe shikamoo, nikaitandaza karatasi mbele yake. Aliinama, akaweka vidole kati ya sakafu ya kisima na kichwa cha nguzo ya mwisho. Vilienea vitatu.

"Hivi ndivyo kilivyo leo?"

"Ndiyo, baba. Leo asubuhi."

"Na ile ya barazani?"

"Ile niliikosea mimi."

Nilingoja anikemee. Yeye aliendelea kulinganisha nguzo kwa vidole, akatafuta maji yalipungua kiasi gani kila juma, kisha akasema majuma matatu, pengine pungufu. Ndivyo nami nilivyokuwa nimekadiria, kwa kalamu na jasho.

Alihamisha ng'ombe asubuhi iliyofuata, na wenzake wakafuata baada ya kuiona karatasi mpya barazani. Kwa hiyo kisima kilivuka juma la tatu, kikageuka tope siku chache tu kabla ya mvua, lakini watu walikuwa wamekwisha kujaza mitungi yao. Yule mtamba alizaa njiani, kivulini, ndama jike mwenye afya. Mvua zilipoanza, baba mkwe alirudi, akatuma niitwe. Alitaka nikampimie kisima cha kule alikohamia, tena nimchoree na hicho. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga chakula cha safari.