Jino la Skrubu na Ndoa ya Mjukuu

Jino langu la mbele lilianza kucheza Jumanne asubuhi, na Ijumaa baada ya swala nilikuwa namwozesha mjukuu wangu.

Lilikuwa jino la kupandikizwa. La asili nililivunja nilipoteleza kwenye ngazi za msikiti wetu hapa Kondoa. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa mpiga chapa katika ofisi za Bunge, akasikia kwamba Dodoma mjini yupo daktari wa meno aliyefungua kliniki yake mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruhusa, milango ya biashara ikifunguliwa kila upande, na mambo tuliyozoea kuyasikia ya Ulaya yakawa yanapatikana mtaa wa pili. Daktari alinitia skrubu ndogo ndani ya mfupa, tukangoja miezi mfupa uishike, kisha juu yake akafunga jino jeupe kuliko yote niliyobakiwa nayo. Nikarudi madrasa kufundisha, nikimshukuru Mungu na kutabasamu bila sababu.

Baba wa huyo bibi harusi alikuwa mwanangu. Malaria ilimchukua, binti yake akiwa bado anatambaa. Siku zake za mwisho aliniomba jambo moja tu, kwamba mtoto akikua nimwozeshe mimi, kwa mkono wangu na kinywa changu. Sheria yetu inamruhusu walii, msimamizi wa bibi harusi, kumpa sheikh uwakala aseme kwa niaba yake, na wengi hufanya hivyo kwa kuona haya mbele za watu. Mimi nilimwahidi mwanangu kwamba sitafanya. Sasa nikajiona nimemshika bwana harusi mkono, msikiti umejaa wakwe, na jino linaniangukia mapajani.

Nilimwendea kwanza rafiki yangu fundi saa, aliyekuwa na meza yake sokoni. Akavaa kioo chake cha jichoni, akachungulia kinywani mwangu kwa muda mrefu, akasema anayo bisibisi ya kipimo hicho hicho.

"Nipe dakika tano, Mwalimu. Nimefungua saa za Uswisi, jino litanishinda?"

"Saa ikikushinda unamrudishia mwenyewe," nikamwambia. "Hili likikuponyoka nitalimeza."

Mke wangu aliposikia nilikokuwa, alinikataza kurudi sokoni mpaka harusi iishe. Jumatano alfajiri akanipandisha basi la Dodoma, na mfukoni akanitilia kitambaa safi cha kufungia jino likitoka. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo. Nilifunga mdomo tangu stendi, ulimi nimeuegemeza kwenye jino. Jirani yangu akanisalimia, nikaitikia kwa kichwa. Tulipofika Chemba, nikamsikia akiwaonya wenzake wapunguze kelele kwa kuwa mzee yuko katika dhikri. Mungu anisamehe, sikumsahihisha.

Daktari alikuwa kijana Mkristo wa Kilimanjaro, mpole, mwenye kukuamkia kabla hujaketi. Akaniuliza kama nimetafuna mfupa. Sijatafuna. Mua? Nao nimeuacha, kama alivyoagiza. Akauliza basi nalisafishaje, nami nikamweleza kwa fahari kidogo kwamba kila ninapotawadha, nikifika kwenye kusukutua, nalishika kwa vidole viwili na kulizungusha ili maji yapenye chini yake.

"Kila unapotawadha, mzee?"

"Mara tatu tatu."

"Na kwa siku unatawadha mara ngapi?"

Nikamhesabia swala tano, na ya dhuha ya asubuhi, na nikijaaliwa kuamka usiku. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani, mzee wangu. Sheria yenu ndiyo inayotaka hivyo?"

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kwamba kusukutua katika udhu ni sunna, si lazima, na kwamba anayeingiwa na wasiwasi wa maji kufika au kutofika asiufuate. Kitabu nilikuwa nacho nyumbani, kimechakaa kwa kufunguliwa ukurasa huo huo.

"Haitaki," nikasema. "Ni mimi tu."

Alijitahidi asicheke, akashindwa, akaweka chini kile kioo chake chenye mpini. Nikacheka naye, kinywa wazi, jino likining'inia. Akanieleza kwamba skrubu ya mfupani ni nzima kabisa. Iliyolegea ni ile ndogo inayoshikilia jino juu yake, na aliyeilegeza ni mimi mwenyewe, kidogo kidogo, kwa ibada. Akalitoa jino, akalisafisha, akalirudisha na kulikaza kwa kifunguo kidogo, kisha akaziba tundu la skrubu.

"Kusukutua ruhusa," akaniambia. "Kukagua hapana."

Nilirudi Kondoa nikiongea njia nzima. Ijumaa mke wangu alisimama karibu na birika nilipokuwa natawadha, akivitazama vidole vyangu kama polisi. Nilisukutua, nikatema, nikaendelea na uso. Akaniambia sasa nimejua dini.

Msikitini nilikaa kitako mbele ya bwana harusi, tukashikana mikono, nikaanza. Nilitamka kila neno polepole, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa, akili yangu yote iko kwenye jino. Nilipomtaja tu mjukuu wangu, kabla sijafika kwenye mahari, kijana akadakia, "Nimekubali!"

Watu wakaangua kicheko. Sheikh akamgusa bega, akamwambia, "Subiri babu amalize," na akaamuru tuanze upya.

Mara ya pili sikulikumbuka jino hata kidogo. Nilipolitaja jina la binti na la baba yake, nilimwona mwanangu kitandani pake, na sauti yangu ikaanza kutetemeka. Sheikh akaninong'oneza kama ningependa anipokee. Nikatikisa kichwa. Nikavuta pumzi, nikayasema yote yaliyobaki, neno moja baada ya jingine, hadi mahari.

Bwana harusi akamtazama kwanza sheikh kuona kama sasa ni halali, ndipo akasema amekubali.