Rezista ya Katikati

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha fizikia, katika sekondari moja isiyo mbali na Shelui, mthibiti ubora wa shule aliingia darasani kwangu bila taarifa. Alikuwa mzee mpole wa miwani. Tukamwamkia, akaenda kuketi dawati la nyuma.

Nilikuwa nimeandaa somo jepesi. Kwa kutaka sifa nikaliacha, nikachora ubaoni saketi ya rezista tano. Njia ya juu ilikuwa na ya omu mia moja na ya mia mbili. Njia ya chini, ya mia moja na hamsini na ya mia tatu. Ya tano, ya mia moja, ilikatiza katikati ikiunganisha njia hizo mbili.

"Tutafute ukinzani wa jumla," nikasema.

Dakika kumi baadaye sikuwa na pa kushika. Za juu zingekuwa za mfuatano, lakini ile ya katikati iliziingilia. Sambamba nazo hazikuwa. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Chaki ikalowa jasho mkononi.

Mwishowe nikageuka. "Hili limenishinda," nikawaambia wanafunzi. Hakuna aliyecheka.

Msichana mmoja kutoka Misigiri, ambaye muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake, akanyoosha mkono. "Madam, si tuiunge tu, tuipime?"

Tukaleta boksi la vifaa. Akaiunga mwenyewe, nami nikaweka mita ya kupima ukinzani. Mia moja na themanini.

"Hebu itoe ya katikati," nikasema, sijui kwa nini.

Akaitoa. Mia moja na themanini vilevile.

Hapo nikaona. Mia moja kwa mia mbili, mia moja na hamsini kwa mia tatu: uwiano ni uleule. Basi ncha mbili za rezista ya katikati zina volti sawa, umeme haupiti hapo kabisa. Ukiiondoa, unabaki na mia tatu sambamba na mia nne na hamsini. Hesabu ya mistari miwili! Nikaiandika ubaoni.

Baada ya kipindi nilimfuata mzee kumwomba radhi.

"Radhi ya nini, mwanangu?" akasema. "Na mimi ilinishinda. Nilikuwa naomba Mungu usije ukaniuliza."

Tulicheka mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini kutazama. Mchana ule nilipika mlenda, nikala ugali mpaka sahani ikawa nyeupe.