Kwa Pikipiki Hadi Uchagani

Mimi ni mtu wa Kariakoo, nilizaliwa humo na wazazi waliotoka kusini, na hadi nilipofika miaka ishirini na mitatu safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Bagamoyo. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia tutakwenda kwao Uchagani kwa pikipiki, na njiani tutalala kwenye hema, nilimwambia atafute mwanamke mwingine wa kwenda naye. Alicheka. Mimi sikuwa natania sana.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu. Wakati wa vita vikuu vya pili mume wangu alikuwa askari wa kupeleka barua kwa pikipiki, na baada ya vita, alipokwisha kupata ukarani bandarini, alinunua yake, na hema la turubai akalipata mnadani. Mabasi ya kwenda Moshi yalikuwapo. Tatizo ni kwamba hakujua kama kwao kuna mlango utakaofunguliwa. Baba yake alikuwa amemchagulia binti wa huko huko, yeye akanioa mimi nisiyejua hata kusalimu kwa Kichagga, na mzee akamwambia asikanyage tena pale. Miaka mitatu ikapita kimya. Kisha dada yake akaandika kwamba mama anaumwa, anapungua siku hadi siku, na kama anataka kumwona asichelewe.

“Mzee akitufukuza,” mume wangu alisema, “tutapiga hema kule mtoni, na dada atanipitisha kwa mama mzee akiwa hayupo.”

Jirani yangu wa chumba cha mbele, mwanamke mwenye maneno, alinisaidia kufunga sufuria na mchele. Aliniomba nimwachie mkaa wangu, maana simba wakishanila hautakuwa na kazi. Nikamwachia. Nilikuwa na hofu kiasi hicho.

Sitaieleza njia yote. Baada ya Chalinze ilikuwa vumbi tupu, nami nimemshika mume wangu kiuno, nimejifunika kanga hadi machoni. Tulipiga hema karibu na kambi ya wajenzi wa barabara, halafu pembeni ya Korogwe, halafu Same. Kila tuliposimama niliuliza kama kuna simba, naye kila mara alijibu kwamba simba hawapendi watu wa Kariakoo, wana kelele. Lakini usiku nilimsikia akigeuka na kugeuka. Hakuwa akiwaza simba. Alikuwa akihesabu siku tangu barua ile iandikwe.

Siku ya nne, tulipofika Himo, mlima umeshajitokeza mbele yetu, tairi la nyuma likatoboka. Alikaa chini kuziba pancha, nami nikasimama kivulini penye ua wa mimea mirefu yenye majani kama panga. Nikachuma jani moja kujipepea.

“Hilo si la kuchezea,” alisema huku akisugua mpira. “Hilo ni isale. Kwetu mtu akitaka kuomba radhi, au kumaliza ugomvi, hulifunga fundo akampelekea mwenzie. Na anayepelekewa hakatai. Hata kama umeuliwa ndugu, ukiletewa isale, basi. Kumnyamazia aliyekuletea ni kumwambia amekufa kwako.” Akapaka gundi, akangoja ikauke. “Mzee angekuwa ananitaka angetuma. Watu wa kwetu wamejaa pale sokoni, hangekosa wa kumpa.”

Nililigeuza lile jani mkononi, nikalikumbuka jingine.

Miezi minne nyuma, muuza vitunguu mmoja wa sokoni, mtu wa kijijini kwao, alituletea tenga la ndizi. Mume wangu alikuwa kazini. Muuza vitunguu aliniambia ni mzigo kutoka kwa mzee, umfikie mumeo kama ulivyo. Juu ya ndizi palikuwa na jani refu la kijani lililofungwa fundo. Mimi nikafikiri ni la kufungia tenga. Nikalifungua, nikafungia kuni zangu, na kesho yake likaingia motoni pamoja na kuni. Ndizi tulikula. Mume wangu nilimwambia tu zimetoka kwao; aliamini mama yake amezituma kwa siri, akafurahi, hakuuliza zaidi.

Tukapanda mlima. Mdomo wangu ulikuwa karibu na sikio lake njia nzima, na sikusema neno. Nilijiambia nikisema atageuza pikipiki, nisiposema atasimama mbele ya baba yake kama mtu mwenye kiburi bila kujua. Tuliposimama kwenye kijito kunawa vumbi nikamwambia yote, nikilia.

Alinawa uso mara ya pili, taratibu.

“Miezi minne,” alisema. Afadhali angenipiga kelele.

Baba yake tulimkuta kwenye njia ya migomba, mzee mdogo wa mwili ndani ya koti kubwa. Nikapiga magoti. “Shikamoo, baba.” Hakuitika. Mume wangu akaanza kusema kwa Kichagga, ameinamisha kichwa, na nikaona kwa jinsi alivyojigusa kifuani kwamba anajitwisha kosa langu. Nikamkatiza, jambo ambalo mkwe hafanyi.

“Baba, jani lako nililipokea mimi. Sikulijua. Nilifungia kuni.”

Mzee akanigeukia. “Kwenu hakuna isale?”

“Hakuna, baba.”

“Sasa mtu akimkosea mwenzie huko kwenu anafanya nini?”

“Anasema tu, baba.”

Akalifikiria hilo. “Marahaba,” akaitika. Kisha akamgeukia mwanawe. “Nilijua umenikataa.” Akamshika mkono, akamwongoza ndani mwenyewe.

Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena. Nilidhani yamekwisha.

Dada yake alinieleza mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba mzee alipotuma zile ndizi mama alikuwa bado akiketi nje kila asubuhi, akitazama njia, akimtaja mwanawe kwa jina kwa kila aliyepita. Sasa alikuwa amelala karibu na moto. Mume wangu alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili, akamsemesha. Mama akamtazama kwa upole, akamuuliza kitu.

Nikamsogelea mume wangu, nikauliza mama yake anasema nini.

“Anauliza mimi ni mtoto wa nani,” alisema, bila kunitazama.